Mtungi wa Bibi Mwamvita

Natega au nategewa? Haya, nakutegea mimi: ukimgonga mzima huimba, ukimgonga mgonjwa hukohoa. Umeshindwa? Nipe mji. Nimepewa Moshi, nikaenda, na huko nikawakuta Raya na Thadeus.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, soko la Mbuyuni limefurika. Raya, binti wa mtaa wa Pasua, alikuwa amepanga vyungu vyake chini, amevaa gauni la zambarau na ushungi mweupe wenye alama za vidole vya udongo. Mbele yake akachuchumaa kijana mrefu, shati la drafti, buti nyekundu kwa vumbi la Old Moshi, akaanza kugonga chungu kimoja baada ya kingine.

"Kaka, unabisha hodi? Humo hamna mtu."

"Nasikiliza kama ni vizima. Mama alinifundisha, kizima kinaimba."

"Na wewe nani akugonge, tukusikie?"

"Wewe, ukipenda."

Mama muuza ndizi wa jirani alicheka mpaka akashika kiuno. Thadeus akanunua chungu. Jumanne ya pili akanunua kingine. Ya tatu, kingine.

"Thadeus, kwenu mnakula vyungu?"

"Mimi nakula maneno ya muuzaji."

Ndivyo walivyoanza. Ila mapenzi yao yalikuwa na ukuta, na ukuta wenyewe ni Mama Mektrida, mama yake Thadeus. Miaka miwili alisema neno lile lile: "Binti wa Kiislamu haingii jikoni kwangu." Thadeus alibembeleza, akapeleka padri, akanuna. Wapi.

Raya naye alikuwa na kazi mbili katika mikono miwili. Asubuhi alifinyanga vyungu vya maharage. Jioni alifinyanga vile vyake, vyenye shingo zilizopinda na nyuso za watu.

"Hiki unapikia nini?" wenzake wakamuuliza.

"Unakitazama."

"Kutazama kunashibisha?"

Siku moja ukumbi wa maonyesho pale mjini ukamwita: alete kazi moja kubwa, isiyo ya jikoni. Neno hilo lilimchoma. Akakusudia kufanya kitu ambacho ni cha kutazama na cha kutumia vilevile. Akachukua vigae vya mtungi wa marehemu bibi yake, Mwamvita, uliopoza maji ya futari kwa miaka arobaini, akavitwanga, na unga wake akauchanganya na udongo mpya, kama wafinyanzi wafanyavyo ili chombo kisipasuke motoni. Mtungi huo ungejazwa maji, na kila mgeni wa maonyesho angekunywa kata moja.

Nyumba za Pasua zimebanana, moshi huleta ugomvi. Basi akauchoma shambani kwa kina Thadeus, Mama Mektrida akiwa safarini kwa dada yake. Wakauacha upoe uani.

Ijumaa Raya akapiga simu.

"Mtungi wangu hajambo, mpenzi?"

"Hajambo. Raya, mama amerudi. Ameuona."

"Yallah! Amesema nini?"

"Anaimba! Sijamsikia akiimba tangu baba afariki."

"Usinitanie, Thadeus."

"Haki ya Mungu. Njoo kesho uone."

Hakumwambia alichokuwa anakitazama wakati ule.

Jumamosi Raya akapanda Old Moshi kwa kina Thadeus, gauni la bluu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Aika, mwanangu, aika!" Mama Mektrida akamshukuru kwa Kichagga na Kiswahili, akamshika mkono, akamwingiza jikoni.

Uchagani posa haitembei bila mbege, pombe ya ndizi. Mama alipokuta mtungi mpya uani kwake alielewa jambo moja tu: binti amekubali mila zao, ameleta mwenyewe chombo cha mbege ya posa yake. Akauingiza jikoni, akaujaza. Povu lilikuwa limefika shingoni.

Mtungi hunywa. Kilichoingia hakitoki kwa sabuni.

"Nani amemwaga pombe ndani ya bibi yangu?" Raya alinong'ona. Kisha akamgeukia Thadeus. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukamwona anamimina?"

"Nilimwona."

"Mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Alikuwa anaimba, Raya. Ningesema, angeacha."

Raya akaukumbatia mtungi, akautoa nje, akaimwaga mbege yote kwenye shina la mgomba, machozi yanamtoka. Mama Mektrida alisimama akitazama posa ya mwanawe ikinywewa na ardhi. Kisha akafunga mlango wa jiko.

Raya aliuchoma mtungi upya, uani kwa rafiki yake wa mtaa wa Njoro, ili moto uimalize harufu ya mbege. Harufu ikaisha. Lakini ufa ukashuka toka shingoni hadi kitakoni. Wenye ukumbi wakaupenda zaidi. Kwa kuwa haukushika maji tena, waliuweka juu ya meza nyeupe, wakauzungushia kamba.

Thadeus alipiga simu mara saba. Ya nane Raya akapokea.

"Nakuja kwenu kuposa."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Baba atauliza wakubwa wako wako wapi, Thadeus."

"Mama hataki hata nilitaje jina lako."

"Basi umeshajijibu, mpenzi wangu."

Siku ya mwisho ya maonyesho alikuja, shati lile lile la drafti, limepigwa pasi. Raya alikuwa kando ya meza, gauni jeusi, mikono haina udongo. Thadeus alinyoosha mkono juu ya kamba, akagonga. Mtungi ukakohoa.

"Gonga tena," Raya akasema.

Akagonga. Ukakohoa.

"Kaka!" mlinzi akaita. "Kazi za sanaa haziguswi."

"Samahani," Thadeus akasema. "Sikujua." Akaurudisha mkono mfukoni, akatoka.

Mpaka leo, mteja akigonga chungu pale Mbuyuni, Raya huinua uso upesi. Akishaona si Thadeus, huuinamisha, akataja bei.