Maneno ya Koplo

Ukumbi wa posta kuu ulikuwa umefurika watu Jumamosi ile asubuhi. Kioo kirefu kiliugawa katikati, upande huu barua, upande ule vifurushi. Katika foleni ya barua alisimama mwalimu wa shule ya viziwi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, amevaa gauni la zambarau lililonyooka kwa pasi, mkoba ameubana kwapani. Ng'ambo ya kioo alisimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililoingia doa la dawa mkononi. Alikuwa akimsemesha mwenzake wa foleni, lakini macho yake yalikuwa kwenye gauni la zambarau.

Sauti haikupenya kioo. Hata hivyo, mama yake Mwalimu alipoteza usikivu akiwa na umri wa miaka minne, na binti huyu alijifunza kusoma midomo kabla hajajifunza kusoma herufi. Alipomaliza shughuli yake alikizunguka kioo, akaenda moja kwa moja hadi kwa yule bwana.

"Kaka, umesema nimesimama kana kwamba posta ni mali ya baba yangu."

Bwana yule alikitazama kioo, kisha akamtazama yeye.

"Ukasema pia kwamba ikiwa lazima uzeeke kwenye foleni, heri uzeeke nami. Foleni yangu imekwisha. Zeeka salama."

Mwanamume aliacha nafasi aliyoipigania saa nzima, akamfuata hadi kwenye ngazi za nje.

"Dada, umesikiaje?"

"Sikusikia. Niliona."

"Basi naomba radhi kwa mdomo wangu, halafu nikuombe kazi. Yaani, ninayo kazi ya kukupa."

"Amua moja. Unaomba au unatoa?"

Alikuwa fundi katika hifadhi ya taifa ya filamu. Mezani kwake palikuwa na mikanda kumi na miwili iliyopigwa vitani miaka zaidi ya sabini iliyopita, nayo ilikuwa ikisafishwa ili itengenezwe filamu ya kuonyesha maisha ya askari: wakinyoana ndevu, wakimenya viazi, wakiandika barua juu ya magoti, wakizika wenzao. Midomo yao ilicheza, lakini mikanda ile haikuwa na sauti.

"Tunataka wasemewe yale yale waliyoyasema," alieleza. "Tumekosa wa kuwasoma."

"Askari wa kikosi gani?"

"Wale waliolinda daraja."

Mwalimu alishika chuma cha ngazi. "Nitakuja Jumatatu," alisema.

Babu yake mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliolinda daraja lile. Alirudishwa nyumbani kabla ya wenzake, akiwa na karatasi iliyosema kwamba aliikimbia zamu yake. Watu walimpachika jina la Mgongo, wakidai ndicho kiungo pekee adui alichokiona. Wanawe waliitwa watoto wa Mgongo, na jina lake halikuchongwa kwenye jiwe la mashujaa. Mzee yule alisema jambo moja tu hadi anaingia kaburini: "Koplo anajua. Na mpiga picha alikuwapo." Mwalimu alikuwa na miaka kumi na miwili alipoyasikia maneno hayo mara ya mwisho, na tangu siku hiyo alimchukia Koplo kwa bidii, kama wengine wanavyosali.

Jumatatu ilipofika, alikwenda. Chumba cha fundi kilinuka siki, kwa sababu mikanda ya zamani hutoa harufu hiyo inapoanza kuoza. Palikuwa na meza yenye taa chini ya kioo, brashi laini, glovu za pamba, na jokofu refu lililojaa makopo ya bati. Fundi aliuonyesha mkanda kwenye skrini, Mwalimu akaandika maneno na dakika yake. Mwongozaji wa filamu alitaka kila mkanda usomwe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Fundi alimkatalia. "Huyu mmoja anatosha. Ninamwamini kama macho yangu."

Walisoma pamoja wiki sita, na mambo mengine yakafuata. Fundi alijifunza kuufunika mdomo kwa kiganja kila alipotaka kusema siri.

"Ondoa mkono, Fundi."

"Nikiuondoa utayajua yote."

"Macho yako yameshayasema. Mdomo unarudia tu."

"Basi, Mwalimu wangu, nipe maksi."

"Nusu. Huna adabu kazini."

Jioni simu zililia. "Umefika, laazizi?" "Nimefika. Na wewe acha kutembea na glovu barabarani, watu watadhani unaiba." Mwalimu alicheka mwenyewe chumbani. Lakini kila siku alirudi kwenye swali lile lile: "Mkanda wa saba, ule wa darajani, lini?" Naye Fundi alijibu, "Bado," huku akiinamisha macho.

Kisha Fundi akamkaribisha nyumbani kwao, amwone mama yake. Mama mtu alimpokea kwa bashasha, akamketisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Juu ya kabati ilisimama picha katika fremu ya dhahabu: kijana mwenye mistari miwili begani, nishani kifuani, pengo dogo kati ya meno ya mbele. Mwalimu aliifahamu sura ile. Alikuwa amemsoma Koplo katika mikanda sita.

Aliaga mapema, akisema kichwa kinamuuma. Njiani simu ilimfuata.

"Mpenzi, umepata nafuu?"

"Yule wa kwenye fremu ni nani?"

"Babu yangu, mzaa mama. Niliweka siri, nikitaka kukushangaza. Shujaa wa daraja. Umemwona kazini na hukumjua?"

"Nilimjua."

"Mbona sauti yako imekauka?"

Alikata simu. Kwake mambo yote yalijipanga. Mjukuu wa Koplo ndiye mwenye ufunguo wa jokofu, na mkanda uliokosekana ni ule ule wa daraja. Fundi alipiga tena mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja simu ililia juu ya meza mbele yake. Alitulia akawaza jinsi ya kumuumiza mtu yule mahali ambapo hapatapona.

Njia ilikuwa karibu. Katika mkanda wa tano Koplo alikaa chini ya turubai, nusu ya uso wake kivulini, akimsemesha mpiga picha. Kwa kweli alikuwa akilalamikia buti zilizombana. Mwalimu alichukua kalamu, na kwa mwandiko wake safi wa ualimu akaandika: "Nilikimbia mimi. Nikamsingizia mwingine." Hakukuwa na msomaji wa pili. Aliigonga karatasi mhuri, akaipeleka.

Utamu wa kisasi ulikuwa umebaki mbele. Fundi alikuwa ameomba yeye mwenyewe amsemee babu yake katika filamu. Siku ya kurekodi Mwalimu alivaa suti nyeusi, akaketi nyuma ya kioo cha studio asubiri kumwona akifedheheka. Alitaka akatae. Alitaka apige kelele, airarue karatasi, ajulikane kuwa ni wa ukoo wa waongo.

Fundi aliisoma karatasi mara mbili. Kupitia kioo Mwalimu aliona midomo yake ikisema peke yake, bila sauti, "Babu, kumbe." Kisha alikisogelea kipaza sauti, akayasema yote, polepole, bila kuruka hata neno. Alipotoka shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Ungeweza kukataa," Mwalimu alisema.

"Kama aliyasema, yasemwe. Nitamwambia mama leo." Alijifuta uso. "Hupokei simu zangu. Sijui nimekukosea nini. Lakini mkanda wa saba umefunguka, nawe ulikuwa ukiutaka kwa namna nisiyoielewa. Ulikuwa umegandana kama gundi. Nimeulaza kwenye baridi wiki saba, nikiutenganisha kidogo kidogo kwa brashi. Sikupenda kukuahidi nisichokiweza. Njoo uuone kabla ya mtu mwingine yeyote."

Walisimama mbele ya skrini bila kugusana. Ukingo wa mto ulitokea, na majeruhi wamelazwa kwenye majani. Askari mwembamba alikuwa akiondoka, ameipa kamera mgongo, kila mkono umeshika dumu tupu la maji. Mwalimu aliufahamu mwendo ule wa bega moja kushuka. Nyuma yake Koplo alikuwa akijibu maswali ya ofisa. Mwanga ulimpiga usoni, na midomo yake haikuacha shaka. "Nimemtuma maji, bwana." Ofisa alisema jambo, kichwa chake kimegeuka. Koplo alitazama chini, kisha mtoni. "Basi na iandikwe amekimbia."

Mwalimu alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Alikuwa amekipata alichokitafuta miaka kumi na tisa. Naye alikuwa amekiharibu, kwa sababu aliyeghushi mstari mmoja, ni nani atakayemwamini katika mstari wa pili? Angeweza kunyamaza, uongo na ukweli vikaonyeshwa pamoja. Lakini babu yake alikufa na aibu ya karatasi ya uongo, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameandika nyingine.

"Fundi, yule mwenye madumu ni babu yangu."

Akamweleza kila kitu: Mgongo, fremu ya dhahabu, buti zilizobana.

Fundi alizima skrini. "Uliniacha niyaseme kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

"Ukakaa nyuma ya kioo, unanitazama."

"Ndiyo. Nilitaka uumie."

"Basi umefaulu, Mwalimu. Jipe maksi."

Siku ile ile Mwalimu alimwandikia mwongozaji barua ya kukiri, akaweka sahihi, akaondolewa kazini. Kwa siku tisa simu yake ilikaa kimya. Siku ya kumi ililia.

"Nimewapata wasomaji watatu," alisema Fundi. "Viziwi, hawajuani, hawakujui wewe wala mimi. Nimewaweka vyumba mbalimbali, wausome mkanda wa saba."

"Wameandika nini?"

"Karatasi tatu, maneno yale yale. Neno la ofisa hakuna aliyeliona."

Mwalimu alianza kushukuru.

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Nimefanya kwa ajili ya yule mzee mwenye madumu. Kesho ninarekodi upya, nami ndiye nitakayesema."

"Itamuumiza mama yako."

"Imeshamuuma. Ameishusha fremu kwa mkono wake."

Filamu ilionyeshwa alasiri moja katika ukumbi mkubwa wa hifadhi, na viti vya mbele vilitengewa viziwi. Mwalimu alikuja na gauni lile la zambarau, ameketi kando ya mama yake. Madumu matupu yalipopita kwenye skrini, sauti ya Fundi ilisema "Nimemtuma maji, bwana," bila kutetemeka. Mama yake Mwalimu hakuihitaji. Alimsoma Koplo mwenyewe, akaushika mkono wa binti yake mpaka ukafa ganzi.

Taa zilipowaka, mama yake Fundi alivuka safu, akasimama mbele ya mama yule kiziwi na kusema taratibu, ili asomeke: "Dada, tumekula heshima isiyo yetu. Tunairudisha." Mama yake Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko ustaarabu unavyoruhusu. Hatimaye akasogeza mkoba wake, akampa kiti.

Mwalimu aligeuka. Kule nyuma, katika chumba cha mitambo, Fundi alisimama ng'ambo ya kioo na shati lake lenye doa. Hawakuwa wamezungumza uso kwa uso tangu siku ya mkanda. Mdomo wake ulifunguka.

"Umeniumiza. Bado nataka kuzeeka nawe, hata pasipo foleni. Nikuoe?"

Alimsoma barabara, neno kwa neno. Lakini alikunja uso, akatikisa kichwa. *Sijaona. Rudia.*

Fundi alirudia. Mwalimu alionyesha kwamba mwanga haukutosha. Fundi akawasha taa, akasema kwa mara ya tatu, akipanua mdomo kama mtu anayekula embe zima.

Alikuwa amesahau kwamba safu sita za mbele zimejaa watu wasomao midomo, nao wote walikuwa wamegeuka. Mikono mia moja iliinuliwa na kupungwa hewani, kama viziwi wapigavyo makofi. Mama yake Mwalimu alimfinya pajani. "Mjibu," mikono yake ilisema. "Mtoto wa watu anachoka."

"Ngoja arudie ya nne," Mwalimu alijibu kwa mikono. "Kisasi changu kimebaki hiki tu."

Fundi alirudia ya nne. Ndipo Mwalimu aliposimama na kumjibu kwa sauti, ingawa alijua kwamba kule nyuma ya kioo haitafika, naye Fundi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliisoma midomo yake pasipo kukosea.