Chapati Mia Mbili na Daraja Moja

Kila siku akitoka shuleni, Maren alifanya mambo yaleyale. Aliwalisha paka wa ghalani, akala mkate wa siagi ya karanga akiwa amesimama, kisha akachukua ufunguo wa pikapu. Bibi yake, Bibi Ardis, alikaa kiti cha pembeni, akafunga mkanda, akafumba jicho moja, na wote wawili wakazunguka barabara za mashambani kwa nusu saa.

Maren alikuwa na miaka kumi na minne. Katika jimbo la North Dakota, Marekani, umri huo unatosha kupata leseni ya kujifunzia, mradi mtu mzima mwenye leseni kamili akae kando yako. Mtihani wa maswali aliufeli mara ya kwanza. Mara ya pili alifaulu, kwa sababu alikisoma kijitabu cha sheria hata chooni, mpaka mama yake akagonga mlango na kuuliza kama amekwama.

"Mwaka mzima bila kosa," alikuwa akimwambia kila mtu, wakiwemo paka. "Mwaka mzima bila kosa, nipate leseni yenyewe."

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi mambo hayakuwa ya kawaida. Jioni hiyo kulikuwa na karamu ya samaki kanisani, na kwa miaka thelathini na moja Bibi Ardis ndiye aliyepika lefse, zile chapati laini za viazi ambazo bila hizo samaki yule hapiti kooni. Mwaka huu Bibi alikuwa amevunjika mguu wa kulia. Alitembelea kigari kidogo: goti la mguu wenye plasta juu ya kiti, mguu mzima chini ukisukuma. Jikoni alikiendesha kama mwizi anayefukuzwa. Hata hivyo, kwa siku tatu alisukuma chapati akiwa ameketi, mpaka zikafika mia mbili.

Mwenyekiti wa kamati, Mama Lavonne, alikuwa amempigia simu asubuhi. "Ardis, mpenzi, pumzika. Nimenunua za dukani, ziko kwenye friji. Zako zisipofika saa kumi na moja kamili, nakata plastiki."

Bibi alikata simu na kuitazama kama mende. "Akishakata hiyo plastiki," alimwambia Maren, "mwakani hawaniiti tena. Watasema Ardis amezeeka."

Mama yake Maren ndiye aliyekuwa awapeleke. Lakini uvunaji wa viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, uliokuwa umesimamishwa kwa sababu vikivunwa kwenye joto huoza, ulifunguliwa ghafla saa nane mchana. Ardhi ikishapoa, hakuna anayebaki nyumbani. Mama alirudi kwenye lori, baba alikuwa kwenye lori jingine, na Bibi alipopiga jikoni kanisani waje wazichukue, simu ililia bila kupokewa.

"Mguu huu haukanyagi breki. Basi dereva ni wewe," Bibi alisema. "Pakia."

Maren alipakia masanduku manne ya plastiki na kile kigari. Waliondoka saa kumi na robo. Aliendesha vizuri. Kila dereva wa lori aliyepishana naye aliinua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimia, naye akainua chake, huku akijiona mkubwa kweli. Waliingia mjini Wahpeton, wakaiacha mahakama nyuma, na mbele yao likatokea daraja. Ng'ambo ya mto ndiko kanisa lilikokuwa, katika mji wa Breckenridge. Watu wa pale huvuka kwenda kununua maziwa na kurudi kabla chai haijapoa. Nani anakumbuka kwamba katikati ya maji hayo jimbo moja linaisha na jingine linaanza?

Penye daraja palikuwa na kibao: Karibu Minnesota. Maren alikuwa amepita chini ya kibao hicho tangu akiwa mtoto mchanga. Leo, kwa mara ya kwanza, alikisoma.

Akawasha indiketa, akaegesha kando, akazima injini.

"Mafuta yameisha?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Siwezi kuvuka. Kule ni Minnesota, na wao wanaanza miaka kumi na mitano. Yule mama aliyenipa leseni alinieleza: kwao kadi hii haina kazi mpaka nitimize kumi na mitano."

"Maren, ni mto tu! Ukitema mate yanafika!"

"Najua."

"Juzi si ulivuka na baba yako? Mbona hukuzama?"

"Juzi sikukumbuka. Leo nimekumbuka." Akauchomoa ufunguo.

Bibi alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na mbili. Alipojaribu simu ya kanisani kwa mara ya nne, iliita mpaka ikachoka.

Hapo ndipo Tryg, mtoto wa shangazi yake Maren, alipotokea na baiskeli akitoka mazoezini. Walikuwa rika moja, na leseni walichukua wiki ileile. Alibandika uso kwenye kioo.

"Vipi, dereva wa sheria, unaogopa maji?"

"Sina leseni ya ng'ambo. Na wewe huna."

"Mimi nimeshavuka mara tatu na gari la mama! Angalia vizuri, hakuna polisi hata mmoja. Vuka tu, bwana."

"Endelea hivyo hivyo. Wakikunasa safari ya nne utaendesha baiskeli mpaka uote ndevu."

"Ndevu ninazo tayari."

"Hayo ni maziwa, Tryg. Jifute."

Bibi alicheka bila kutaka. Maren alikuwa ameshashuka. Alizunguka nyuma ya pikapu, akashusha kigari cha Bibi, kisha sanduku la kwanza.

"Unafanya nini?" Bibi aliuliza.

"Mimi ndiye siruhusiwi kuendesha kule. Chapati hazijakatazwa. Wala miguu."

"Mguu wangu mmoja uko kwenye plasta!"

"Jikoni unanipita mbio, Bibi. Twende."

Bibi Ardis alimtazama mjukuu wake, akautazama ule upepo uliokuwa ukilaza nyasi za ukingoni, akatazama saa tena. Kisha akafunga kitambaa kichwani, mafundo mawili. "Sanduku moja nifungie kwenye kikapu cha mbele. Na wewe Tryg, mbona umesimama kama mlingoti? Hiyo baiskeli ina kiti cha nyuma au haina?"

Wakapanda njia ya waenda kwa miguu. Bibi alitangulia, akisukuma kwa mguu mmoja na kupiga kelele "Pisheni!" ingawa hapakuwa na mtu. Tryg alikokota baiskeli yenye sanduku moja, na Maren alibeba mawili, moja juu ya jingine, kidevu kikishikilia kifuniko. Katikati ya daraja gurudumu la kigari lilinasa kwenye ufa wa zege. Bibi aliyumba. Maren aliweka mzigo chini na kumdaka kiunoni, na papo hapo upepo ukafungua kifuniko cha sanduku la juu. Chapati moja iliruka, ikajikunja, ikaenda zake mtoni.

"Samaki wamewahi karamu!" Tryg alisema.

"Kalia kifuniko, mjinga wewe!" Maren alimfokea, na Tryg akakikalia kweli mpaka Maren alipolinasua gurudumu.

Mikono ilimwaka moto. Kutoka darajani bado kulikuwa na mitaa minne. Tryg alisema wapumzike. Maren alisema watapumzika wakifika. Aliacha kutazama saa. Alitazama mgongo wa Bibi na kuhesabu hatua, kumi, halafu kumi tena, mpaka mnara wa kanisa ukawa juu ya kichwa chake.

Waliingia jikoni saa kumi na dakika hamsini na saba. Mama Lavonne alikuwa amesimama mbele ya friji, mkasi mkononi.

"Weka hicho chuma, Lavonne," Bibi alisema, akihema. "Mia na tisini na tisa. Moja imezama."

Kina mama walipiga makofi na kufungua vifuniko. Mama Lavonne alikuwa wa kwanza kupaka siagi na sukari kwenye chapati, na hakusema neno la kuzeeka. Aliposikia walivyovuka, alishangaa. "Kwa miguu? Na gari mnalo? Mbona hata mimi ningevuka tu, nani angejua?"

Bibi Ardis aliketi, akawaita Maren na Tryg wasimame mbele yake.

"Ndivyo na mimi nilivyosema," alijibu. "Miaka sitini navuka pale sijawahi kusoma kile kibao, na leo nikamkasirikia mtoto kwa kukisoma. Nilitaka chapati zangu ziwahi, nikamsukuma avunje sheria. Angekamatwa, adhabu ingekuwa yake, siyo yangu. Sasa nisikilizeni. Mtu akikuharakisha ufanye kosa, hata akiwa bibi yako, mwambie hapana kwa adabu. Lakini usiishie hapo. Kukataa peke yake kungeziacha chapati ndani ya gari. Ukishakataa njia mbaya, kunja mikono ya shati uitafute nzuri, na ubebe mzigo wako. Maren leo amefanya yote mawili."

Tryg alikohoa. "Na mimi je, Bibi? Mimi nimekalia kifuniko."

"Wewe utakwenda kumwambia mama yako kuhusu zile safari tatu."

"Lo, Bibi! Leo?"

"Leo. Kula kwanza chapati mbili," Bibi alisema, akimsogezea sahani, "ukaungame ukiwa umeshiba."