Mnyaa Ulioinamia Chumba cha Kulala

Jumamosi tarehe 11 Mei 1996, saa kumi na dakika ishirini jioni, Kawira aligundua kwamba mnyaa wake umeinamia upande usiofaa.

Dirisha la sebule yao pale Majimbo, mjini Embu, lilitazama magharibi, na mmea wowote ungeufuata mwanga huko. Kawira alilijua hilo vizuri. Alikuwa mwalimu wa biolojia mwenye digrii ya chuo kikuu, na kila Jumamosi alikizungusha chombo cha mnyaa robo duara ili shina lisipinde. Leo mnyaa ulikuwa umelipa dirisha kisogo. Vijiti vyake vyote, vile vya kijani visivyo na majani, vyenye unene wa penseli, vilikuwa vimenyooka kuelekea mlango wa chumba cha kulala.

Akachukua utepe wa fundi cherehani, akaupima mmea. Mita mbili na sentimita thelathini na moja. Kufika darini kulibaki sentimita tisa.

Majirani walikuwa wakimcheka. Kule Mbeere, kwenye nyanda kavu, mnyaa hupandwa kuzunguka boma ili mbuzi wasitoroke. Nani aliwahi kuuona sebuleni, kando ya kochi lenye vitambaa? Lakini Kawira aliulea kwa kanuni. Maji kikombe kimoja kila wiki mbili. Mchanga nusu, udongo nusu. Chombo kidogo, ili mizizi ibanwe na mmea usipate nguvu ya kukimbilia juu. Mara nne alikuwa ameukata kilele kwa wembe na kupaka jivu kwenye jeraha ili utomvu mweupe ukome. Mara zote nne, palipokuwa na kilele kimoja pakaota viwili.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni jinsi mnyaa huo ulivyoingia nyumbani. Septemba 1994 alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Wauguzi walimfunika wakamwondoa, akazikwa mahali ambapo Kawira hakuonyeshwa, na Njeru, mumewe, akasema, "Tusiongee hii maneno tena. Tutapata mwingine." Wiki mbili baadaye walikwenda Siakago, kwenye boma la marehemu mama yake Njeru. Mama huyo aliitwa Gatakaa, na yule mtoto, akiwa binti wa kwanza, angechukua jina lake. Kawira akavunja kijiti kimoja kwenye ua wa minyaa alioupanda mama mkwe wake, akakichomeka ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akarudi nacho mjini. Mchana mmoja wa mvua, nyumba ikiwa kimya, maziwa yakimtoka na kulowesha blauzi bila mtu wa kuyanywa, alimimina maji kwenye mkebe ule na kusema, "Kunywa, Gatakaa."

Tangu siku hiyo hakuuita jina jingine.

Sasa alikuwa na mimba tena, ya wiki ishirini. Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo nesi wa kliniki alikuwa amempima urefu wa tumbo kwa utepe: sentimita ishirini, sawa kabisa na wiki zake. Jumatatu ya tarehe 3 Juni akampima tena, akarudia, akakunja uso. Kumi na tisa.

"Mama, unakula?"

"Nakula, sista."

"Basi kula ya watu wawili. Huyu badala ya kuenda mbele anarudi nyuma."

Kawira alifika nyumbani akaupima mnyaa kabla hata ya kuvua viatu. Mita mbili na thelathini na nane. Akakaa sakafuni, utepe mkononi, na kwa mara ya kwanza akasikia.

Ilikuwa sauti ndogo, ya kumezameza, kama ya mtoto anayenyonya huku pua imeziba. Ilinyamaza alipogeuka. Siku zilizofuata ilirudi kila alipojilaza mchana baada ya vipindi, na pamoja nayo ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha, harufu iliyotambaa chini ya mlango, ikapanda kitandani, ikamkalia kifuani, mpaka akaanza kulala na mlango wazi ili aone ni nini kinachokuja, na alichokiona ni kwamba kila siku ncha za vile vijiti zilikuwa zimesogea, bila mtu kuzigusa wala upepo kuzipeperusha, kwa upana wa kidole kuelekea kwake.

"Hiyo kitu ni jini," Njeru akanong'ona jioni moja walipokuwa wakila, kana kwamba mnyaa ungemsikia. "Iko na masikio. Naitoa leo."

"Usiikate, Njeru. Nakuomba."

"Kwani ni mtoto wako?"

Kawira akainuka mezani. Njeru akachukua panga, akapiga pigo moja kwenye shina. Utomvu ukaruka, ukampiga kwenye jicho la kulia, akaanguka akipiga mayowe. Na Kawira, aliyekuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, akahisi joto kifuani, akatazama chini, akaona maziwa yakimtiririka kutoka matiti yote mawili, yakilowesha nguo, yakidondoka sakafuni, na hayakukoma mpaka jeraha la mnyaa lilipokauka.

Njeru alirudi kutoka hospitalini na bandeji. Habari zikafika Siakago, na Ijumaa shangazi yake Virginia akaja kumwona mgonjwa. Alikuwa mama wa kanisa, mnene, mcheshi, na kikapu cha pojo kichwani.

"Haiya, mwalimu!" akacheka mlangoni. "Umezungusha boma ndani ya nyumba? Unazuia mbuzi gani, huyu Njeru? Huyu hawezi kwenda mbali, ako na jicho moja!"

Njeru akacheka kidogo, kwa maumivu. Kijiti kimoja kikadondoka kwenye zulia, na Kawira, bila kufikiri, akainama akanong'ona, "Pole, Gatakaa."

Kicheko cha Virginia kikakatika. Akakitua kikapu.

"Umeita nani?"

Kawira akakiokota kile kijiti.

"Mwalimu, hilo ni jina la wifi yangu. Umelipatia nani?"

Ndipo Kawira akasema yote: mtoto ambaye hakulia, mkebe, mchana wa mvua, tumbo linalorudi nyuma. Alisema kwa sauti ya chini, huku akizitazama zile ncha. Virginia alimsikiliza, mikono juu ya kichwa.

"Kwetu jina halipewi kitu," alisema. "Jina hupewa mtu, na ukiliita, mwenyewe anakuja. Mtoto wako alienda bila jina, hajui kwao ni wapi. Siku moja akasikia mama yake anaita. Wewe ungekuwa yeye, hungekuja?"

"Tuite pasta," Njeru akasema.

"Pasta afukuze nini? Huyu si jini la kuokotwa njiani. Huyu ni wenu. Amekaa hapa anangoja ziwa, na ziwa ameliona linaandaliwa mwingine. Atanyonya mpaka huyo wa tumboni aishe."

"Nifanye nini, Shangazi?"

"Kwani huko kwenu Nkubu mtoto mkubwa anaachishwaje ziwa?"

Kawira alijua, mama yake alimfanyia hivyo yeye mwenyewe. Matiti hupakwa utomvu mchungu wa mshubiri, na mtoto hupelekwa kwa nyanya yake akalale huko mpaka asahau.

"Basi," Virginia akasema. "Umpeleke kwa nyanya yake. Umwambie wewe kwa mdomo wako. Akilia usigeuke. Na hilo jina usiliite tena mpaka huyu mwingine azaliwe. Anaweza kukufuata mpaka mlangoni, lakini ukimwita mara moja tu, anaingia, na safari hiyo hutamtoa."

Siku iliyofuata, saa tisa mchana, waliupeleka mnyaa Siakago kwa pikapu ya kuazima. Njeru alichimba shimo penye pengo kwenye ua wa mama yake, karibu na kaburi. Kawira akapasua jani la mshubiri, akajipaka kifuani, kisha akaukumbatia ule mnyaa mzima, vijiti vikimgusa shingo na masikio, vya baridi na laini, na akahisi ncha moja ikitafuta, ikipapasa juu ya kitambaa, ikifika, ikionja. Mmea wote ukatetemeka.

"Ni uchungu, mama," akamwambia. "Maziwa yameisha. Kaa na nyanya. Mimi naenda."

Akaenda. Alikuwa hajafika kwenye pikapu kilio kilipoanza nyuma yake, kilio chembamba cha mtoto mchanga, kile alichokingoja kwenye kitanda cha kujifungulia Septemba ile huku wauguzi wakitazamana, na sasa kilikuwa kimekuja, kikiwa na nguvu zote za mapafu yaliyo hai, kikipanda, kikikatika, kikianza upya, na kila hatua miguu ilimwambia geuka, na Virginia akamshika kiwiko mpaka akaumia, na Njeru, aliyekuwa amesema wasizungumzie tena, aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa pikapu na kulia kwa jicho lake moja zima.

"Nimemsikia," alisema. "Kawira, nimemsikia."

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kawira aliamshwa na teke. Dogo, chini ya kitovu, kisha la pili. Hakuwa amesikia teke tangu wiki ya ishirini. Akaweka kiganja hapo, akatabasamu gizani, akafungua mdomo kumwamsha Njeru.

Harufu ikamfikia kwanza. Kisha kitu kikagusa mlango wa mbele, chini kabisa, mahali mkono wa mtoto anayetambaa unapofika. Kikakwaruza. Kikanyamaza. Kikameza pumzi kama aliyelia njia nzima.

"Mama," sauti ikasema.

Alikuwa amejifunza kusema.

Kawira akajaza pindo la leso mdomoni ili jina lisimtoke. Akaenda mlangoni pole pole, peku, machozi yakimdondoka hadi juu ya tumbo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo tu. Akainua mkono, akalifunga na komeo pia, kisha akaketi chini, akauegemea mlango kwa mgongo, na kukaa hapo huku mbao zikigongwa polepole nyuma yake, mpaka jua lilipochomoza na kugonga kukakoma.