Choo cha Sauti

Kwanza ukuta ulicheua.

Ndiyo, ukuta! Fundi alikuwa amepiga magoti dukani kwake, pini mdomoni, utepe mkononi, anampima mteja kiuno, mara ukuta wa nyuma ukatoa bwooop, kama mtu aliyevimbiwa. Halafu ikaja harufu. Mteja, mama mmoja mpana wa heshima zake, akamtazama fundi. Fundi akamtazama mteja. Kila mmoja akajua ni mwenzake, kila mmoja akanyamaza kwa adabu, na nakwambia kiuno hakijawahi kupimwa haraka vile.

Mteja alipotoka tu, Fundi akagonga ukuta kwa mkasi.

"We mume wangu! Umekula nini leo?"

"Sijala kitu!" mumewe akajibu kutoka chumba cha nyuma. "Naunganisha pedali!"

Huyo mume alikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi ya maharusi, na watu walimwita Besi, hata mama yake mzazi alishalisahau lile jina la kwanza. Sura yake, tusidanganyane, ilikuwa sura tu ya kumtosha mtu. Lakini sauti! Nzito, laini, kama blanketi lililotoka kuanikwa juani. Fundi alikuwa na wachumba wenye pua nzuri na mashati ya maana, akawaacha wote kwa ajili ya ile sauti. Kutwa yeye anashona mbele, mume yuko nyuma na gitaa lake, wanapiga soga kupitia ukuta, wanacheka mpaka wateja wanaona wivu.

Sasa Besi aliingiwa na kichaa. Alimsikia mpiga besi wa bendi nyingine, gitaa linakwaruza na kuunguruma kama lori linalopanda mlima, akarudi nyumbani hana raha, chakula hakipiti. Akatafuta pedali ya kuchafulia sauti. Ni kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu: waya wa gitaa unaingilia huku, unatokea kule kwenda kwenye spika, sauti inaingia nzuri inatoka imechafuka. Ile ya kwanza ikachafua kweli, ila uzito wa besi wote ukakimbia, ikabaki kelele ya nzi ndani ya kopo. Akaweka nyingine mbele yake, ya kuipasha sauti moto kwanza. Akaongeza nyingine nyuma. Zikazidi kujipanga sakafuni kama viatu vya wageni mlangoni.

Dada yake akaja kushangaa. Huyo ndiye wifi yake Fundi, mwanamke ambaye kicheko chake huingia ndani kabla ya miguu.

"Kaka, hizi ni pedali au treni? Nikae behewa gani?"

"Usiguse, dada."

"Na hiki kitufe cha pembeni je?"

"Hicho kinaachia sauti safi ipite chini ya ile chafu, zichanganyike. Wenzangu wote huacha kidogo, ndiyo inashika uzito."

"Sasa mbona chako umekifunga?"

"Sitaki safi," Besi akasema, anacheka. "Hata tone sitaki."

Na nyuma ya spika, kitu kikameza mate. Gudu! Wifi na Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, wakatazamana. Besi hakusikia, alikuwa anakaza nyuzi.

Kuanzia hapo, mwenzangu, nyumba ikaoza. Haikuwa harufu moja uizoee. Asubuhi ni jino bovu, mchana ni maji ya vyombo yaliyolala, jioni ni yale manywele unayoyavuta kwenye tundu la bafu. Kitambaa cha mbele ya spika kikawa kinalowa ute, Fundi anafuta, unarudi, unavutika kama gundi mpaka kwenye kidole chake. Chai ikimiminwa inaota ngozi juu, na ngozi yenyewe ina vinyweleo. Wateja wakaja kuchukua magauni yao hata ambayo hayajapindwa.

Yote hayo Fundi angevumilia, ila ile sauti ya mumewe ndiyo ilikuwa inaondoka. Ilianza na povu. "Utakula, mume wangu?" "Ntakulo-blo-blo." Akakohoa, akaingiza vidole mdomoni, akavuta unywele wa kijivu, mrefu, akaendelea kuvuta, unakuja tu, umelowa, mpaka ukajaa kiganjani kama uzi wa sufu. Wala hakushtuka. Akaufuta kwenye suruali, akarudi kwenye pedali zake.

"Wifi," Fundi akanong'ona, wamejibanza nyuma ya cherehani, "kaka yako ameniita leo."

"Sasa si mumeo? Akuiteje, kwa barua?"

"Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ananitazama, machozi yanamtoka, na kile kinachoniita kiko shingoni, kinapanda na kushuka."

Wifi hakucheka. Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli.

Wakamleta mganga. Mwanamke mnene, mwenye kanga mbili na mafua ya kufa mtu, pua imevimba kama nyanya.

"Mibi pua ibeziba," akasema, "siwezi kubnusa. Dani ana pua nzima?"

"Mimi hapana!" wifi akaruka.

"Wewe hasa. Biga bagoti."

Basi wifi na ukubwa wake wote akatambaa sakafuni, ananusa pedali moja moja, na Besi amekaa kwenye kiti chake, macho yametoka, ute unamning'inia kidevuni.

"Hii soksi. Hii... mate ya mtu aliyelala. Hii, mama yangu, hii ni kidonda!" Akafika ya mwisho, mkono ukateleza ukagusa pale pa kukanyagia. Akapiga yowe. Chuma kilikuwa cha uvuguvugu na laini, kama ufizi.

Mganga akapenga kamasi, kichwa kikafunguka kidogo. "Majini wa namna hii hukaa wapi? Jalalani, chooni, penye uchafu usiopitiwa na maji. Mumeo kaweka uchafu juu ya uchafu, halafu kaziba njia ya safi. Kamjengea choo cha sauti! Naye kahamia na vyombo vyake. Sasa anataka koo la kuishi. Akilimaliza lote, huyu hatabaki hata na neno la kukuomba maji."

"Tuchomoe umeme?" Fundi akauliza.

"Thubutu! Utamfungia humo humo. Mumeo apige, na hicho kitufe cha safi tukifungue polepole, kama unavyomwaga maji chooni. Jini akitoka atatafuta koo jingine, kwa hiyo midomo ifungwe. Akiitwa mtu, kwa sauti yoyote ile, asiitike."

Wifi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na huo wenyewe ulikuwa muujiza.

Besi akapiga. Mganga akakizungusha kitufe kidogo, na ile ngurumo ikaanza kukohoa, spika ikatapika, nasema ikatapika, uji wa kijivu wenye kucha na nywele na vitu kama magamba ya vidonda ukatiririka sakafuni kuelekea miguuni mwa Fundi, naye hawezi kupiga kelele, amebana midomo mpaka inauma, na mganga anazidi kufungua na chini kabisa ya ule uchafu ikaanza kusikika besi yenyewe, safi, nzito, inapanda kama maji yanayojaa kisimani, na jinsi inavyopanda ndivyo lile dude linavyolia, mara kwa sauti ya mtoto, mara ya yule mteja mpana, mara kwa kicheko cha wifi mwenyewe, linawaita wote kwa zamu, na wote kimya, kimya, mpaka pedali zikapasuka moja baada ya nyingine kama majipu na Besi akainamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu, akasema:

"Mke wangu."

Jamani. Ile sauti! Nzito, laini, blanketi la juani, haina povu hata moja. Na ilikuwa yake kweli, si ya dude, mume wa watu alikuwa amerudi anamtafuta mkewe. Wakati huo huo mganga akashikwa na chafya ya kupasua dari. Wifi alikuwa amefumba macho. Na Fundi, aliyelelewa kwao akalelewa vizuri, anayeitika kabla hajafikiri:

"Abee!"

Kitu cha baridi na utelezi, kama yai bichi, kikampita kooni. Akameza. Akajiambia ni mate. Mumewe alikuwa amemkumbatia, analia na kucheka kwa ile sauti yake, mganga anapenga kamasi na kusema kazi imekwisha. Nani angeharibu furaha kwa sababu ya mate?

Pedali zikazikwa mbali. Besi akarudi kupiga gitaa tupu, waya moja kwa moja mpaka kwenye spika, safi kama maji ya mvua. Nyumba ikatulia. Wifi akakaa kwake, akapumzika, halafu siku moja ya jua kali akaja kusalimia, kicheko mbele kama kawaida.

Kicheko kikafia mlangoni. Akashika pua.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, amempa mgongo, anashona nguo ambayo hakuna aliyeiagiza. Pembeni yake chai imeota ngozi. Kwenye mlango wa chumba cha nyuma alisimama Besi, pamba imejaa puani, macho mekundu. Akamtazama dada yake, akatikisa kichwa polepole, kidole mdomoni. Usimwite.

Lakini wifi na mdomo wake, lini uliwahi kungoja?

"Wifi! Humu kumeoza nini?"

Cherehani ikasimama.

"Mbona kunanukia vizuri?" Fundi akasema, na maneno yakatoka na povu.

"Wifi?" Safari hii kwa kunong'ona. "Wifi yangu?"

Fundi hakugeuka. Shingo yake ikapanda, ikashuka.

"Abee," akaitika, mdomo umefungwa. Na ukuta ukacheua.