Kinanda Hakipumui

Tabea na mama yake walikuwa uani wakipukuchua mahindi lori lilipozimika mbele ya nyumba yao ya wageni, pale Makambako. Akashuka mtu mnene mwenye baraghashia, amekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

"Hodi wenye nyumba! Ekseli imekatika, nasubiri spea kutoka Dar. Nipeni chumba kisichovuja, hili boksi lisilowe."

Ndani ya boksi mlikuwa na kinanda cha betri kutoka Dubai. Miaka ile bidhaa za nje ndiyo kwanza zilianza kujaa madukani, na Tabea hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kitufe kimoja kililia tarumbeta, kingine fidla, kingine ngoma. Mgeni huyo, Bwana Dulla, alimruhusu akitumie mpaka lori litengemae.

Ilikuwa bahati kubwa. Mwalimu Methusela, kiongozi wa bendi ya tarumbeta kanisani, alikuwa amewataka vijana watunge wimbo wa sikukuu ya mavuno. Utakaochaguliwa ungepigwa na bendi. Tabea alitunga wake kwa kinanda kipya. Gideoni, mwanafunzi mwenzake, alikuwa na kinanda kidogo kikuukuu.

"Jumamosi mchana nitakuazima hiki," Tabea alimwahidi mbele ya wenzao. "Maana chako kinalia kama mbu mwenye mafua!"

Wote waliangua kicheko. Gideoni aliinamisha kichwa.

Ijumaa walipiga nyimbo zao kanisani. Wa Tabea ulinguruma, akapigiwa makofi. Wa Gideoni ulisikika kwa shida.

"Sasa tuwape wapigaji wenyewe," alisema Mwalimu.

Mzee Nahumu, mpiga tarumbeta wa bendi, alianza wimbo wa Tabea. Mashavu yakamvimba, macho yakamwiva, kisha akakatiza katikati akikohoa.

"We binti, hapa navuta hewa wapi? Unataka nizikwe na tarumbeta mdomoni?"

Kanisa zima lilicheka. Kisha bendi ikapiga wimbo wa Gideoni, na kina mama waliokuwa wakifagia wakasimama, wakaanza kuufuatisha taratibu. Tabea alitamani kuingia chini ya benchi.

"Lakini kwenye kinanda ulikuwa mzuri, Mwalimu," alinong'ona.

"Kinanda hakipumui, mwanangu. Zile sauti nzuri ni za waliokitengeneza. Wimbo ndio wako, na wimbo haufichwi na sauti za kuazima. Kaurekebishe. Nitachagua Jumapili."

Jioni spea ilifika. "Jumapili alfajiri naondoka," alisema Bwana Dulla.

Basi ilibaki Jumamosi tu. Siku hiyo Tabea alikaa mbele ya kinanda, vidole vikimwasha. Angeweza kumwambia Gideoni kwamba mgeni ameshaondoka. Nani angejua? Akakumbuka kichwa kile kilichoinama, uso ukamwaka moto. Mchana ulipofika alimwomba Bwana Dulla ruhusa, akalibeba boksi mpaka kwa kina Gideoni.

"Nilikucheka mbele ya watu," alisema, akitazama chini. "Nisamehe."

Gideoni alilitazama boksi. "Na wimbo wako je?"

"Nitautengeneza kwa mdomo."

Aliketi nje juu ya gogo, akaimba polepole. Kila pumzi ilipomwishia, alisimama na kutafuta upya sauti ya kumalizia. Ndani, wimbo wa Gideoni ulilia kwa tarumbeta za Dubai, mzuri kuliko jana. Ulimchoma, lakini hakugonga mlango kudai kinanda. Alivuta hewa, akaanza tena.