Mahudhurio ya Saa Tatu

Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa fundi cherehani, na kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Likizo ndefu huwapa wengine nafasi ya kupumua. Yeye ilimkaba koo. Katika wiki sita ilimbidi amalize magauni ya bluu na mashati meupe ya nusu ya mtaa, kwa cherehani moja na macho yaliyokwishaanza kugombana na tundu la sindano. Juu ya hayo, miguuni pake alikuwepo binti yake wa pekee, mwenye miaka saba, aliyeuliza maswali tangu anaamka hadi anasinzia. Tulimwita Kijino, kwa ajili ya jino la mbele lililowahi kuota kabla ya wenzake na kujiona bosi.

"Mama, kwa nini bobini inazunguka?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mama, uzi ukiisha unaenda wapi?"

"Kijino, niache nishone. Nitakushona na wewe!"

Kwa hiyo shule ilipowatumia wazazi masomo ya likizo ya kwenye skrini, Fundi alihisi ametuliwa mzigo kichwani. Maelezo yalisema nusu saa kwa siku, mzazi akiwa karibu. Fundi alikuwa karibu sana, hatua mbili tu. Aliazima tableti ya kaka yake, yenye ufa pembeni, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, akamkalisha mtoto kwenye kigoda. Samaki mkunje angali mbichi, akajisemea, akarudi kukanyaga pedeli.

Kila asubuhi, saa tatu kamili, lilitokea darasa la kuchorwa. Watoto wa kuchorwa walikaa kwenye madawati, migongo ikiwa huku kwetu. Mwalimu alikuwa mwanamke wa sweta ya kijivu, sauti yake ya upole, na kwanza aliita mahudhurio kwa namba. Kijino alikuwa wa thelathini na moja. Akisema "Nipo!", nyota ya njano ilidondoka na kujipanga na zile za jana. Nyota ishirini mfululizo, zawadi.

Nusu saa ikawa saa mbili, saa mbili zikawa mchana mzima. Tusimlaumu haraka. Mtoto alikuwa anasoma maandishi ya kwenye vibandiko vya nyuzi, anahesabu vifungo bila kukosea, na mama mtu alijivuna mpaka kisimani. Kila swali sasa lilikuwa na jibu moja: "Muulize mwalimu."

Siku ya nyota ya kumi na tisa, Kijino alikuwa amelala kwa bibi yake. Saa tatu tableti ikawaka yenyewe. Namba zikaitwa, moja baada ya nyingine, hadi mwisho.

"Thelathini na moja?"

Fundi akasimamisha pedeli.

"Thelathini na moja?"

Fundi alizionea huruma nyota za mwanawe. Mama gani asingezionea? Akatoa pini mdomoni, akaitikia, "Yupo, mwalimu."

Mwalimu akainua macho. Siku zote hizo hakuwahi kutazama nje ya darasa lake.

"Nani anamwitikia?"

"Mama yake."

"Vizuri," akasema Mwalimu, akaandika.

Jioni bibi alimrudisha mtoto amembeba mgongoni. "Asubuhi alilegea ghafla," akamwambia Fundi. "Kama saa tatu hivi. Akalala kwa dakika chache, kisha akaamka hana neno. Labda jua."

Kesho yake Fundi alimpima Kijino sare yake, maana mtoto wa fundi ndiye huvaa mwisho. Kifua inchi ishirini na nne. Alikata kitambaa, akashona, na baada ya siku mbili akamjaribisha. Gauni lilining'inia. Pindo lililotakiwa kugusa magoti lilikuwa katikati ya miundi. Fundi akajicheka, akavua futi shingoni, akapima upya. Ishirini na mbili. Akapima tena. Ishirini na mbili. Fundi mzuri hukosea mara moja. Hakosei mara mbili kwa kosa lile lile.

Akageuka kutazama skrini. Katika safu ya nyuma ya darasa, mtoto mmoja hakuwa wa kuchorwa. Nywele zake zilikuwa nywele.

Aliizima tableti. Akaifungia kwenye sanduku, chini ya vitambaa, ufunguo akautia kifuani. Asubuhi iliyofuata Kijino alikuwa uani anaosha vikombe. Ilipofika saa tatu alisimama wima, mikono ikichuruzika maji.

"Nipo."

Hakuna aliyemwita. Na ndani ya nyumba, kutoka sandukuni, sauti ya Kijino mwenyewe ilikuwa imetangulia kidogo kusema neno lile lile.

Siku iliyofuata, inchi ishirini. Iliyofuata tena, kumi na nane. Mtoto alikula vizuri, hakuumwa popote, na daktari alisema ana mwili mdogo tu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini kilichomchoma Fundi zaidi ya futi ni kwamba maswali yalikwisha. Siku tatu nzima hakuuliza hata moja.

"Niulize kitu, mwanangu," Fundi alimbembeleza. "Chochote."

"Nimeshafundishwa, Mama."

Fundi alikwenda kufungua sanduku. Skrini ilikuwa inawaka chini ya vitambaa. Akapiga magoti, akanong'ona.

"Mwalimu, mtoe mwanangu."

"Nani anaomba?"

"Mama yake."

"Mama yake alisema yupo."

"Nilidanganya! Alikuwa kwa bibi yake."

"Sisi tunaandika anachosema mzazi."

"Basi niandike mimi."

"Hili ni darasa la watoto," akasema Mwalimu kwa upole ule ule, na kioo kikawa cheusi.

Fundi aliipondaponda tableti kwa pasi mpaka ikawa chenga. Kisha akamwita mama yake.

Kesho yake asubuhi sisi tulikuwa nje, tunaanika nguo. Jua kali. Bibi alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo. Fundi aliketi sakafuni, akamkumbatia Kijino kwa mikono, akamzungushia na miguu. Hakupepesa macho.

"Mama, unanibana."

"Vumilia."

"Wananingoja."

"Waache wangoje."

Saa tatu. Kijino akavuta pumzi. Fundi akamziba mdomo kwa kiganja. Akahisi midomo midogo ikisogea. Jino likamgusa. Neno likatoka. Halikutoka mdomoni. Lilitoka ukutani, nyuma yake.

Gauni likanywea. Mikono ya Fundi ikakutana yenyewe kwa yenyewe.

Bibi hakuona kitu kikipita mlangoni. Sisi tuliokuwa nje tulisikia yowe moja tu.

Polisi walitafuta, wakauliza, wakaandika. Shule ilisema masomo yao yalikuwa video fupi za herufi na hesabu. Hayakuwa na mwalimu, wala mahudhurio. Likizo ikaisha. Asubuhi ya kufungua, mtaa ulijaa magauni ya bluu yaliyonyooka, kazi ya mikono yake yote, na Fundi aliyatazama dirishani mpaka la mwisho likakata kona.

Wiki iliyofuata alinunua daftari jipya la kuandikia vipimo vya wateja. Alipolichana nailoni, akakuta ukurasa wa kwanza umeandikwa. Zilikuwa herufi kubwa za kupinda: *a, e, i, o, u. Mama.* Kesho yake ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi. *Mama anashona. Mama yuko wapi.* Alilala amelikumbatia daftari lile. Alijibu kila ukurasa kwa kalamu ya risasi, *nipo hapa, mwanangu, rudi*, na asubuhi alikuta majibu yake yamesahihishwa kwa wino mwekundu.

Kila siku mwandiko ulikua. Kufikia siku ya sita ulikuwa umenyooka. Siku ya tisa ulikuwa wa mtu mzima, wa haraka, usio na kosa. Siku ya kumi ukaja ukurasa wa mwisho:

*Leo nimekabidhiwa darasa langu mwenyewe. Watoto ni wasikivu. Dawati moja bado liko tupu.*

Fundi aliusoma mara tatu, kidole kikifuata kila mstari, akitafuta neno mama. Halikuwemo.