Jeneza Lililokataa Bega

Haya kanihadithia Mwanamkasi, mama wa mtoto mgonjwa, juzi alipokuja nyumbani kuoga ili arudi wodini. Nayaweka kama alivyoyasema, na mengine kama alivyosimuliwa yeye.

Simu ya Kheir ilitikisika mara moja.

"Naam."

"Kitovu kimekatwa," alisema Bi Tahiya, mkuu wake wa kazi za siri.

Maana yake, mtungi umeibwa.

Kheir akaweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu. Ndani ya kanzu, bastola ya Glock. Sikioni, redio ndogo kama punje ya mtama.

Mtungi ule wa baridi kali uliibwa chuo kimoja mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, wanakofunzwa madaktari kutibu watoto kwa seli shina, zile zinazozaa damu mpya. Ndani mlikuwa na mfuko mmoja wa damu ya kitovu, wa kumpandikizia Khawla, binti wa Mwanamkasi, mgonjwa wa siko seli, maradhi ya damu ya kurithi. Walishamchoma dawa ya kuua uboho wake wote ili apate mpya. Na mdogo wake, mwenye kitovu kile, Mwanamkasi alishamzika.

Hapakuwa na damu nyengine. Mfuko ukipotea, na Khawla kapotea.

"Nani?"

"Daktari Suud, mwanafunzi wa humo humo. Kuna mgeni anamngoja Malindi na boti. Anataka kwenda kuwauzia matajiri wa kwao. Kila gari tumelipekua."

"Na?"

"Hamna kitu."

Pale Darajani, mbele ya kahawa alipokaa Kheir, jeneza likapita. Wabebaji wanne, nguo ya kijani, mwendo wa haraka. Askari wa kizuizi cha barabarani akashusha bunduki, akaliacha lipite. Kheir naye akainamisha kichwa.

Likazama uchochoroni.

Muuza kahawa, Mzee Bakar, akarudi ananung'unika.

"Kulikoni, mzee?"

"Nimekwenda kuwapokea nipate thawabu zangu, wananambia 'tunatosha'. Toka nizaliwe sijanyimwa maiti mimi."

Kheir akaganda.

Unguja jeneza halina mwenyewe. Apitaye huweka bega hatua chache, akampisha mwengine. Suud alilijua hilo toka utotoni. Lakini angemwachia vipi mtu bega, ausikie ubaridi wa mtungi?

Kheir alishika pindo la kanzu mkononi, akakata uchochoro wa Kiponda mbio.

Akawatokea mbele. Hakuomba. Akatia bega.

Baridi ikampenya hadi mfupani. Moshi mweupe ukateremka chini ya nguo ya kijani.

"Maiti wako anapumua, daktari."

Suud, mmoja wa wale wanne, akachomoa bastola ya Beretta yenye kiziba sauti. Kheir hakuigusa yake. Risasi moja ikitoboa mtungi, Khawla hana kitu. Akitoka pale chini, jeneza linaanguka.

"Mtoto mmoja tu, ndugu yangu," Suud alisema. "Wangapi watapona huko, wakizizalisha seli hizi?"

"Wenye pesa wangapi, useme."

Pyuu.

Bega la pili likawaka moto. Kheir hakuliachia jeneza.

"Jamani," akaita, "pokeeni!"

Hakuna aliyeuliza. Mzee Bakar kafika anahema, na wanaume wa mtaa nyuma yake. Mabega yakajaa. Wale watatu wa kukodiwa wakaona watu wengi, wakatimka. Suud akageuza macho.

Akakosea.

Kheir akamvunja kiganja. Beretta ikaanguka mtaroni, vijana wa mtaa wakamshika Suud.

"Boti?" aliuliza redioni.

"Tunayo, na mgeni ndani."

"Makaburi gani tunakwenda?" Mzee Bakar aliuliza.

"Ng'ambo. Chuoni."

"Huko hakuna makaburi."

"Ndiyo maana tunakimbilia huko."

Jeneza likarudi njia ile ile liliyopita, likipokezanwa bega kwa bega.

"Mzito huyu," Mzee Bakar akasema. "Kala nini?"

Daktari Thuwaiba, aliyesoma dawati moja na Suud, aliukuta mfuko bado umeganda. Akauyeyusha, akautundika kando ya kitanda cha Khawla.

"Itashika?" Mwanamkasi aliuliza.

"Sijui, dada yangu. Tungoje damu yake ianze kuzaa."

Kheir alikuwa mlangoni, kanzu imelowa damu.

"Nenda katibiwe," Bi Tahiya alisema sikioni.

"Nnakwenda."

Akarekebisha kofia, akaondoka polepole, hakuaga.

Khawla alilala kwanza. Mwanamkasi, ambaye toka amzike yule mdogo hajafumba jicho, aliegemeza kichwa miguuni pa bintiye, akawa anaitazama damu ya mwanawe marehemu ikidondoka tone kwa tone, mpaka usingizi ukamchukua.